Sori ya Likoni: Kosa la Kiingereza au Adabu ya Pwani?

Feri ikishagusa gati la Likoni na mlango wake wa chuma ukashushwa, watu hutoka kwa kishindo: wafanyakazi wa mjini wanaorudi makwao, wanafunzi, akina mama na vikapu vyao, hamali na mkokoteni, bodaboda zinazonguruma kabla ya zamu yao. Katika msukumano huo mtu akijikwaa kwenye mwinuko wa zege, kandambili ikamtoka mguuni, sauti tatu nne humfikia hata kabla hajajishika sawasawa. "Pole." "Pole, mama." "Pole sana." Na ya mwisho hutoka kwa kijana aliyening'iniza kitambulisho cha kazi shingoni: "Sorry, sorry." Wote hao hawajamgusa.

Mama ataokota kandambili yake, ajibu "nshapoa", safari iendelee. Lakini Mwingereza aliyesimama hapo kwa mara ya kwanza atamgeukia yule kijana kwa mshangao. Amefanya nini hata aombe radhi? Amemkanyaga? Amemsukuma? Na kama ni mtu wa kujibu haraka, atamwambia yule kijana yale ambayo wageni wamewaambia Waafrika Mashariki kwa vizazi: kwamba hana sababu ya kusema "sorry", kwani kosa si lake.

Hapo ndipo ilipo kesi ya mhadhara huu. Upande mmoja wako walimu wa Kiingereza, wanaoiandika "sorry" hiyo katika orodha ya makosa ya Wakenya. Upande wa pili wako wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ambao huitumia kila siku na huelewana bila taabu. Nani ana haki?

Tuanze na walimu, maana hoja yao si ya kupuuzwa. Katika Kiingereza cha London neno "sorry" lina kazi kadhaa. Humwombea radhi aliyekosa. Hueleza huzuni ya mtu kwa msiba wa mwenzake. Likipandishwa sauti mwishoni, humtaka mtu arudie aliyoyasema, pale ambapo mtu wa Mombasa angeuliza "ati?" Tatizo ni kwamba kazi ya pili, ile ya huzuni, kwa kawaida inataka sentensi kamili: msemaji aseme anahuzunika kwa lipi. Neno likiachwa peke yake, bila ya maelezo, sikio la Mwingereza hulipeleka moja kwa moja kwenye kazi ya kwanza. Husikia mtu anayekiri kosa.

Na kukiri huko kwao kumekuwa kama kupiga chafya. Mwanaanthropolojia Kate Fox, katika kitabu chake *Watching the English* cha mwaka 2004, anaeleza jinsi alivyozunguka mijini Uingereza akiwagonga watu makusudi ili aone watasema nini. Wengi wa waliogongwa, yaani wenye kudhulumiwa, ndio waliosema "sorry". Kwa hiyo hata huko kwenye asili yake neno hili halifuati kosa liliko, na Mwingereza anayemshangaa kijana wa Likoni huenda asubuhi hiyohiyo alimwomba radhi mtu aliyemkanyaga yeye.

Historia ya neno nayo inawaponyoka walimu kidogo. "Sorry" ilianza katika Kiingereza cha kale ikiwa *sārig*, na shina lake ni *sār*, yaani maumivu, shina lililozaa pia "sore", neno la mahali panapouma. Mtu aliyekuwa *sārig* alikuwa mtu mwenye kuumia moyoni. Habari ya kosa, lawama na radhi ilikuja baadaye na kulipanda neno mgongoni. Kijana wa gatini anapoitumia "sorry" kwa maana ya "nimeumia kwa kuumia kwako", hajaivumbua maana mpya. Ameirudisha ya zamani bila kujua.

Lakini hakuipata kwa Waingereza wa kale. Aliipata kwa mama yake, katika "pole".

Neno hili halina mfano wake katika Kiingereza, na ndiyo maana likahitaji kuazimiwa mavazi. Pole hutolewa kwa aliyejikwaa, aliyeungua kidole jikoni, aliyeuguliwa, aliyefiwa, aliyefeli mtihani, aliyeachwa na basi, aliyepigwa na mvua. Hutolewa pia kwa ambaye hakupatwa na baya lolote: "pole na safari" kwa aliyefika, "pole na kazi" kwa anayetoka kibaruani, "pole na jua" kwa aliyetembea mchana wa Januari kutoka Mishomoroni. Nomino yake ni upole, mtu wake ni mpole, mwendo wake ni polepole. Jibu lake nalo lina utaratibu: asante, au kwa lugha ya Pwani "nshapoa", kama kwamba lile neno limemwagiwa mahali palipokuwa pakiwaka. Pole haiulizi nani kafanya. Inauliza nani kaumia, basi.

Na si neno jepesi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri MV Mtongwe ilipinduka ikiwa na abiria wengi kupita kiasi chake, karibu na gati la Mtongwe, upande huu wa Likoni. Watu 272 walikufa. Nyumba zilizofiwa zilizagaa kutoka Likoni hadi vijiji vya Kwale, na katika matanga yote hayo neno lililotangulia mlangoni lilikuwa pole, likifuatwa na dua ya subira. Mtu anayedhani pole ni adabu ndogo ya barabarani hajaketi jamvini katika nyumba ya msiba.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba mkanganyiko wa pole na "sorry" ni jambo la juzi, la shule za bweni na redio za FM. Lakini bara ya Mombasa imeishi na Kiingereza muda mrefu zaidi ya sehemu kubwa ya Kenya. Mwaka 1875 wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS, wakiongozwa na William Salter Price, walianzisha Frere Town huko Kisauni, makazi ya watumwa waliokombolewa, na wakayapa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Kengele yao bado imepaacha mahali na jina la Kengeleni, ambalo makanga wa matatu hulitangaza kila siku bila kuiwazia kengele yoyote.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba walioleta Kiingereza Kisauni hawakuwa Wazungu peke yao. Pamoja nao walikuja Waafrika waliojulikana kama Wabombay: watu waliotekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakalelewa na kusomeshwa India, hasa Nasik, kisha wakarejeshwa Afrika kuwa walimu, makatekista na mafundi. Wengine walifika hata kabla ya Frere Town, wakahudumu Rabai. Kiingereza chao kilikuwa kimeshapita kwenye vinywa vya Wahindi kabla ya kufika kwenye vinywa vya Wamvita na Wamijikenda. Tangu mwanzo, basi, Kiingereza cha bara ya Kisauni kilikuwa lugha ya watu walioijifunza ukubwani au ugenini, na waliokuwa na lugha nyingine tayari kichwani zikidai haki yake. Chuo cha wachungaji kilichoanza hapo Frere Town mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930 na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's, lakini Kiingereza kilibaki.

Lugha mbili zikikaa nyumba moja muda wote huo, huazimana. Katika vinywa vya Wakenya "umepotea", anayoambiwa rafiki aliyeadimika, imekuwa "you are lost", na mgeni anayeambiwa hivyo hutazama ramani. "Nakuja", anayosema mtu huku akiondoka, imekuwa "I'm coming", na mgeni hubaki akimtazama mgongo unaokwenda. Uganda wana yao: salamu ya Kiganda kwa aliye kazini, *gyebale ko*, hugeuzwa kuwa "well done", hata kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ashike jembe. Zote hizi ni desturi za Kiafrika zilizokosa chombo katika Kiingereza, zikatafutiwa.

Ajabu zaidi iko Afrika Magharibi. Wanaijeria nao husema "sorry" kwa wasiyemkosea, na wamekuwa wakikosolewa kwa hilo kama Wakenya. Wayoruba wana neno lao la kumpa mtu aliyepatwa na jambo, nalo ni *pẹ̀lẹ́*. Ukilirudia mara mbili, *pẹ̀lẹ́pẹ̀lẹ́*, linakuwa "taratibu, kwa uangalifu". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Hakuna udugu wa karibu kati ya maneno haya mawili na hakuna haja ya kuutunga. Inatosha kuona kwamba watu wa pande mbili za bara, wasiojuana, wamefanya jambo lilelile kwa neno lilelile la Mwingereza. Kosa linalofanywa kwa namna moja Lagos na Likoni si la uvivu wa wanafunzi.

Wataalamu waliochunguza Kiingereza cha eneo hili hawakukubaliana juu ya hukumu. Josef Schmied alichapisha *English in Africa* mwaka 1991, na baada yake Paul Skandera akaandika kitabu kizima, mwaka 2003, juu ya nahau za Kiingereza cha Kenya. Alfred Buregeya wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika makala ya mwaka 2006, aliliweka swali mahali pake hasa: mitindo hii inakubalika kwa kiasi gani kwa Wakenya wenyewe? Swali hilo ni zuri kuliko lile la "je, ni sahihi?", kwa sababu linamtaja mwenye kuhukumu. Ndani ya matatu ya Bamburi, hakimu ni abiria. Katika mtihani wa taifa, hakimu ni mtahini, na huyo ana mwongozo wake.

Kwa hiyo msimamo wa mhadhara huu juu ya "sorry" ya gatini ni huu: ni sahihi mahali ilipo. Inaeleweka, ina kazi yake, na ina nasaba ndefu kuliko wanavyodhani wanaoikosoa. Anayekwenda kusoma Leeds au kuuguza wazee Manchester atajifunza kuizuia ulimi ukimwasha, kama vile Mwingereza anayehamia Nyali hujifunza kuisema.

Hata hivyo kuna makosa ya kweli, na yanaumiza zaidi kwa kuwa hujificha nyuma ya lile lisilo kosa. La kwanza ni kutafsiri salamu nzima. "Pole na kazi" haiendi kwa Kiingereza. Anayesema "sorry for work" kwa mhandisi wa kigeni pale Changamwe, karibu na matangi ya mafuta, amemwambia jambo lisiloeleweka, au baya zaidi, amemhurumia kwa kuwa na kazi. Kiingereza hakina salamu hiyo. Afadhali kuuliza siku imekwendaje, au kumwambia kwa Kiswahili: wageni wengi wa bandarini wameshalijua neno la pole kabla ya kumaliza mwezi.

La pili liko kwenye risala za rambirambi, na hapa mtu angependa walimu watumie wino wao mwingi. "Pole kwa baba" ikiwekwa kwa Kiingereza neno kwa neno inakuwa "I am sorry for your father", na maana yake ni kwamba mwandishi anamhurumia baba, pengine kwa kupata mtoto kama huyu. Kihusishi kimoja kimeharibu barua. Anayetaka kumfariji mfiwa hutumia "about", au huutaja msiba wenyewe. Makosa ya aina hii huonekana katika matangazo ya vifo, kadi za ofisini na jumbe za simu, na hayasahihishwi, kwa sababu hakuna anayemsahihisha mtu aliyekuja kutoa pole.

Kiingereza na Kiswahili hukutana vizuri katika mtego huu, kwa sababu Kiswahili kina wake. "Pole" ni faraja. "Pole yako" ni kejeli: umejitakia, shauri lako. Mwingereza naye, akimwambia mtu "I feel sorry for you" kwa sauti fulani, amemdharau. Lugha zote mbili huonyesha kwamba huruma ikishapachikwa kwa mwenyewe, ikatajwa kuwa ni yake peke yake, inageuka kidole cha kumnyooshea. Mwalimu wa Kisauni anaweza kulieleza somo hilo kwa dakika mbili kwa Kiswahili na wanafunzi wakalishika, lakini katika shule nyingi Kiswahili darasani mwa Kiingereza bado ni hatia, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi.

Sasa tuigeuze kesi. Muda wote huu tumeuliza Kiswahili kimekifanya nini Kiingereza. Kinachostahili wasiwasi zaidi ni kile ambacho "sorry" imekuja kukifanya Kiswahili.

Pwani imekuwa na daraja mbili zilizo wazi. Aliyeumia bila wewe kumuumiza hupewa pole. Uliyemuumiza humwombi apoe, unamwomba radhi. Na kwa hilo Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina ghala: samahani, nisamehe, niwie radhi, naomba msamaha, na ile "kumradhi" ambayo wazee wa Mombasa huitumia hata wanapopita mbele ya waliokaa. Katika maneno haya mzigo uko kwa msemaji. Anayesema "niwie radhi" ameweka jambo mikononi mwa mwenzake, ambaye ana hiari ya kuwa radhi au kukataa. Anayesema "pole" hakuomba chochote na hasubiri jibu la kumhukumu. Jibu la "samahani" ni "bila samahani" au "haidhuru". Jibu la "pole" ni "nshapoa". Hayabadilishani.

"Sorry" ya Kiingereza imebeba yote mawili katika kapu moja. Kijana aliyezoea kutafsiri pole kuwa "sorry" hufika siku akaitafsiri "sorry" kuwa pole, naye akimkanyaga mtu ndani ya matatu humwambia "pole". Nairobi ni kawaida kabisa sasa. Mombasa nayo imeanza, hasa kwa watoto wa bara wanaokulia katika Kiswahili cha shule, cha runinga na cha Sheng kwa pamoja. Mzee wa Mtongwe akikanyagwa kisha akaambiwa "pole" huhisi ametukanwa mara mbili: mguu umeumia, na aliyeuumiza anamfariji kama mpita njia. Wapo watakaosema mzee huyu ni mkaidi na lugha hubadilika. Lugha hubadilika, ni kweli. Lakini mabadiliko haya yanamwondolea mkosaji mzigo wake, na lugha inayopoteza njia ya kukiri imepoteza kitu ambacho haitakirudisha kwa kuunda istilahi.

Wenye ofisi waliligundua jambo hilo zamani. Tangazo la Kiingereza la kukatika umeme, maji au huduma nchini Kenya hupenda kumalizika kwa sentensi isiyo na mtu ndani yake: usumbufu wowote uliosababishwa unasikitikiwa. Na nani? Haisemi. Uliosababishwa na nani? Haisemi pia. Linganisha na tangazo la Tanzania ambalo uongozi "unaomba radhi kwa usumbufu". Umeme umekatika sawasawa kote kuwili, lakini huko kuna mtu anayeomba.

Na wenye dola walijua kabla ya wenye ofisi. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama Bungeni London kuzungumzia mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa Mau Mau. Alikiri kwamba watu waliteswa, akasema serikali yake inasikitika kwa dhati, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Katika hotuba hiyohiyo alisema Uingereza inaendelea kukana dhima kisheria. Neno alilolichagua lilikuwa "regret". Mswahili anayeisikiliza hotuba ile huitambua mara moja: ni pole. Pole yenye fedha, pole ya heshima, lakini pole.

Miaka kumi baadaye akaja Mfalme Charles. Katika dhifa ya Ikulu ya Nairobi, tarehe 31 Oktoba 2023, alizungumzia maovu ya ukoloni kwa maneno ya huzuni kubwa kabisa na majuto ya ndani kabisa, akasema hayakuwa na udhuru. Wanaharakati wa haki za binadamu walikuwa wamemtaka aombe radhi waziwazi. Hakuomba. Siku mbili baadaye alikuwa hapa bara, katika kambi ya jeshi la wanamaji ya Mtongwe, akitazama wanamaji wa Kenya waliofunzwa na wenzao wa Uingereza wakifanya zoezi la kutua ufukweni. Alikuwa amevuka bahari yote hiyo akiwa na pole mkononi, akaifikisha hadi mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anajua tofauti ya pole na samahani.

Lakini kati ya dhifa ile na ziara ya Mtongwe, tarehe 1 Novemba, kusini mwa Tanzania, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya vita vya Maji Maji, mbele ya wajukuu wa waliouawa. Alisema anaona aibu, na akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya. Mabishano juu ya fidia na mabaki ya wafu hayakwisha kwa hotuba hiyo. Ila kitendo cha lugha kilikuwa kingine: aliomba, na aliyeombwa akabaki na uwezo wa kujibu. Viongozi wawili wa Ulaya, siku mbili mfululizo, Afrika Mashariki hiihii. Mmoja alitoa pole, mwingine aliomba radhi. Kiingereza cha magazeti kiliweza kuyatia yote mawili chini ya kichwa kimoja. Kiswahili, kikitumiwa kwa uangalifu, hakiwezi. Rais Uhuru Kenyatta naye, tarehe 26 Machi 2015, aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizomtangulia kwa dhuluma zilizopita, na huyo pia alistahili neno lake kamili.

Kwa nini Waingereza wanaliogopa neno hilo hivyo? Kwa sababu ya korti. Mahakamani "sorry" inaweza kusomwa kuwa ni kukiri, na hofu hiyo ilifika hadi Bunge lao likatunga sheria ya fidia ya mwaka 2006, ambayo kifungu chake cha pili kinasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukubali uzembe. Jimbo la British Columbia nchini Canada lilikuwa limepitisha sheria ya namna hiyo mwaka huohuo. Lugha iliyochanganya huruma na hatia ililazimika kwenda bungeni kuzitenganisha. Bima za magari huku kwetu bado humwonya mteja asikiri chochote barabarani.

Fikiria sasa kesi ya kawaida kabisa. Matatu imemgusa mwendesha tuktuk karibu na mzunguko wa Changamwe, au bodaboda imemwangusha mtoto Mtopanga. Dereva ameshuka, amemwinua aliyeanguka, amemfuta vumbi, amesema "pole, ndugu yangu, pole sana". Miezi kadhaa baadaye shauri liko mbele ya hakimu wa mahakama ya chini, tuseme Shanzu. Sheria inaruhusu shauri huko kuendeshwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kumbukumbu huandikwa aghalabu kwa Kiingereza. Shahidi anasema: "Dereva alimwambia pole." Mkalimani anageuza: "The driver told him he was sorry." Wakili wa mdai anapigia mstari. Katika ukurasa ule dereva amekiri.

Hakukiri. Alifanya ambalo kila mtu pale barabarani alilifanya, akiwemo muuza mahindi. Kama angesema "niwie radhi, sikukuona", hapo kungekuwa na jambo la kuandika, na sentensi ya Kiingereza ingekuwa ileile. Mkalimani mwaminifu ana njia mbili: aliache neno "pole" kama lilivyo katika kumbukumbu na kulifafanua kando, au amwombe hakimu ruhusa amuulize shahidi swali moja zaidi: dereva alisema pole, au aliomba samahani? Wakalimani wazuri huuliza. Swali hilo huchukua nusu dakika, na wakili wa bima hulisikiliza akiwa ameinua kalamu.